Mkeka wa Siku Saba Mazingara

Wasichana wale wawili walikuja kwangu Manundu katikati ya kiangazi, kila mmoja amebeba begi lililomzidi mgongo. Walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha ng'ambo, wametumwa kukaa nasi mwaka mmoja wajifunze Kiswahili na kufundisha hesabu katika shule za msingi. Mimi ni mlezi wa wanafunzi katika chuo kilichowapokea. Bweni lilikuwa limejaa, na vyumba vya kwangu vimebaki vitupu tangu wanangu walipoolewa, kwa hiyo mkuu wa chuo akaniomba nikae nao. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Wote wawili walikuwa Wayahudi. Neno hilo nilikuwa nimelisikia kwenye mawaidha na kwenye redio tu. Sikuwahi kufikiri lingesimama mlangoni kwangu, limeshika ndala mkononi, linaniambia shikamoo.

Mmoja alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka taratibu kana kwamba kicheko kinatoka mbali. Huyu alishika dini. Mwenzake alivaa miwani na alikuwa mwepesi wa maneno. Dini kwake ilikuwa nyimbo za bibi yake na vyakula vya sikukuu, basi. Siku ya kwanza yule mrefu alinieleza, kwa Kiswahili cha kitabuni, asichokula. Nilimsikiliza hadi mwisho nikamwambia, "Mwanangu, na mimi nina vyangu nisivyokula. Tutaelewana." Nikanunua sufuria mpya ikawa yao. Nikajifunza kwamba perege anafaa kwa sababu ana magamba, kambale hafai. Mama muuza samaki akazoea, akawa akiniona tu anauliza, "Leo wale wa magamba?"

Ijumaa, jua likianza kulegea, yule mrefu aliwasha mishumaa miwili, akafunika macho kwa viganja, akanong'ona. Kisha alizima simu na kuifungia kabatini. Tangu hapo hadi Jumamosi jioni, nyota tatu zionekane, hakugusa simu, hakuwasha moto, hakuandika hata neno. Mwanzoni nilimwonea huruma. Baadaye nilianza kuisubiri siku ile kama mtu anavyosubiri kivuli. Nyumba nzima ilipungua sauti. Hata kuku, naapa, walitembea polepole.

Kuna wiki moja waliadhimisha sikukuu ya kukaa kibandani. Tulisimamisha nguzo za mkonge uliokauka uani, tukaezeka majani ya migomba, na sharti lilikuwa nyota zionekane kupitia paa. Sikukuu ilipokwisha hatukukibomoa. Yule mrefu alipenda kulala humo mchana wa Jumamosi, mwanga wa kijani umemwangukia usoni.

Humo ndimo alimokuwa asubuhi ya Jumamosi ile vita vilipolipuka katika nchi ambako kaka yake mkubwa alikuwa akiishi.

Nilikuwa jikoni nikikoroga uji. Ukungu wa milimani ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya Manundu, na kila kitu nje kilionekana kama kimechorwa kikafutwa kidogo. Yule wa miwani aliingia bila kubisha. Simu ilikuwa mkononi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kuna jambo baya sana limetokea. Kaka yake anaishi hukohuko. Nimempigia mara tano, hapokei."

"Labda mtandao."

"Labda."

Tulitazamana. Kupitia dirishani tulimsikia mwenzake akiimba peke yake kibandani.

"Nimwambie?" aliniuliza. "Kwetu siku hii haiharibiwi kwa habari mbaya, kama hakuna linaloweza kufanyika. Na yeye simu yake hataiwasha. Nikimwambia, nitakuwa nimemlazimisha achague."

Nimelea wanafunzi karibu nusu ya umri wangu. Nimewaambia waliofeli kwamba wamefeli, nimewaambia wawili kwamba baba zao wamefariki, nikiwa nimewashika mabega. Lakini zile zilikuwa habari za hakika. Nikamuuliza, "Tunajua lolote kuhusu kaka yake?"

"Hatujui."

"Basi hatuna habari ya kumpa. Tuna hofu tu. Mwache apumzike mpaka jioni."

Ndivyo nilivyoamua, na sijawahi kuishi siku ndefu kama ile. Tulikula pamoja, sisi watatu, mayai na viazi vya jana. Yule mrefu alitusimulia ndoto aliyoota, kwamba alikuwa anafundisha jedwali la saba kwa mbuzi, na mbuzi mmoja akanyoosha mkono. Tulicheka. Nakumbuka kicheko changu kilivyotoka, kama cha mtu mwingine aliyekaa ndani yangu. Kila yule wa miwani alipotoka kwenda chooni nilijua anakwenda kupiga tena. Kila aliporudi nilitazama macho yake, naye alitikisa kichwa kidogo sana. Mchana ulisimama. Ukungu ulipanda, jua likaja, likakaa juu ya kibanda kana kwamba limesahau njia. Yule mrefu alilala, na mimi niliketi karibu naye nikimfukuzia nzi, nikimwangalia anavyopumua. Nilitaka siku ile isiishe na nilitaka iishe, yote mawili kwa pamoja.

Giza lilipoanza kuingia alitoka nje kuhesabu nyota. "Moja," alisema. "Mbili." Ya tatu ilichelewa. Nilijikuta nikimwomba Mungu aicheleweshe zaidi.

Alipofungua kabati, mwenzake alikuwa tayari amesimama nyuma yake. Alimweleza kwa lugha yao. Nami nilisimama mlangoni nikiona uso wa yule mrefu ukibadilika polepole. Simu ilipowaka ilianza kulia, ujumbe juu ya ujumbe, haikunyamaza kwa muda mrefu. Wa wazazi wake, wa shangazi, wa rafiki. Wa kaka yake haukuwepo.

Kisha aligeuka akanitazama.

"Mama ulijua?"

"Nilijua tangu asubuhi."

"Ulikula na mimi. Ulicheka."

"Ndiyo."

Aliingia chumbani. Kwa siku mbili hakunisemesha ila salamu, na shikamoo yake ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Sikumlaumu. Niliweka chakula mlangoni, nikakuta kimeguswa pembeni tu.

Jumatatu mkuu wa chuo aliniita. Alikuwa na wasiwasi wa haki. Mji wetu una Waislamu na Wakristo, watu wameanza kubishana vijiweni, je, wasichana wahamishiwe Dar es Salaam karibu na ubalozi? Niliwauliza wenyewe. Yule wa miwani alijibu kwa niaba ya wote wawili kwamba Dar hawamjui mtu. Ndege za kwenda kule kwenye vita zimesimama, na hapa angalau wanajua paka wa jirani. Nikarudisha jibu hilo kwa mkuu, bila paka.

Jumanne mchana yule mrefu alipigiwa simu na baba yake. Nilikuwa naanika nguo. Nilisikia sauti moja tu, fupi, kama ya mtu aliyejikwaa. Nilipoingia nilimkuta ameketi sakafuni, ameshika ukosi wa blauzi yake kwa mikono miwili, ameuchana kwa chini upande wa kulia. Nilidhani amepagawa. Nilikwenda kumshika mikono.

"Mwache, mama," yule wa miwani aliniambia huku akilia. "Ndivyo tunavyofanya tukifiwa."

Basi niliketi naye sakafuni. Baada ya muda, hasira zake zote za siku mbili zikiwa bado zipo nadhani, aliegemeza kichwa begani kwangu kwa sababu bega lilikuwa karibu.

Jioni ile nilimpigia mama yangu, kijijini Mazingara. Mama ni mzee, masikio yamepungua, kwa hiyo habari za huzuni tunalazimika kumpigia kelele. Nilipomaliza akasema kwa Kizigua maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Mtoto wa watu analia peke yake nyumbani kwako na wewe unazungumza na simu? Mlete huku kwenye watu."

Mkuu wa chuo alitupa gari la chuo na dereva. Jumatano asubuhi tuliondoka. Barabara ya Handeni nimeipita tangu nikiwa mgongoni mwa mama, lakini siku ile niliiona kama naipita usingizini. Mkonge ulipita mistari kwa mistari, kisha vichaka, vilima vya mbali vya rangi ya majivu, ng'ombe wa Wamasai wanavuka bila haraka na dereva amezima injini akisubiri. Yule mrefu alikuwa amevaa kandambili za plastiki, kwa kuwa aliyefiwa kwao havai viatu vya ngozi, na miguu yake ilikuwa imejaa vumbi jekundu hata kabla hatujafika.

Mama alikuwa ametandika mkeka chumba cha mbele. Alisimama mlangoni ameshika fimbo, na wanawake wanne wa jirani nyuma yake. Yule wa miwani aliwaeleza, kwa Kiswahili na kwa mikono, jinsi inavyokuwa. Mfiwa anakaa chini siku saba, hapiki, chakula analetewa. Vioo vinafunikwa. Na tena, alisema kwa aibu kidogo, aliyefiwa hasalimiwi. Wageni wanakaa naye kimya mpaka aseme mwenyewe.

Nilimpigia mama kelele sikioni: "Asisalimiwe!"

Kwetu salamu ni kitu kizito. Mtu hawezi kupita uani bila kuulizwa habari za nyumbani, za shamba, na za kikohozi cha mwezi uliopita. Mama alifikiri.

"Vizuri," alisema. "Kuna wakati salamu zinachosha." Akaenda akafunika kioo chake kimoja, kile kidogo cha kujitazamia meno, kwa khanga nzima.

Mazishi yalikuwa Alhamisi, huko mbali, na yule mrefu hayupo. Nyumbani kwa mama simu hushika kwa shida, na mtandao wa intaneti haukamatiki. Unakamatika kwenye mwinuko, kando ya kichuguu kikubwa, hatua kama mia mbili shambani. Tulikwenda wote, na mama na fimbo yake, na wanawake wengine watatu wakajiunga njiani. Yule mrefu alisimama juu ya kichuguu ameshika simu kwa mikono miwili, sauti imefunguliwa. Picha haikuja, ilikuja sauti tu, inakatika na kurudi. Tulisikia watu wakilia, mwanamume akisoma, upepo. Kisha tukasikia udongo. Sikuwahi kufikiri udongo unaoangukia kaburi upande mwingine wa dunia unaweza kusikika katika shamba la mihogo Mazingara, lakini ulisikika, pu, pu, pu, na wanawake wote wakajua ni nini kabla ya kuambiwa.

"Ameshashushwa?" mama aliuliza kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri.

"Ameshashushwa, bibi," yule mrefu alijibu.

Ilipofika sala ya mwisho, ile ambayo kwao inataka watu kumi waitikie, sauti za kule ziliitikia "Amen." Mmoja wa majirani, bila kuambiwa na mtu, akaitikia "Amina." Mara ya pili tuliitikia sote. Yule wa miwani aliniambia baadaye kwamba kwa sheria kali sisi hatuhesabiki. Kisha akasema kwamba yeye alituhesabu, na tulikuwa kumi na mmoja.

Zikaanza siku saba. Zimebaki kwangu kama siku moja ndefu yenye mwanga unaosogea ukutani. Walileta mayai ya kuchemsha, kunde, mihogo, machungwa. Waliketi. Mwanamke mmoja alisuka ukili, mwingine alinyonyesha. Wakati mwingine saa nzima ilipita pasipo neno, kuku akiingia na kutoka, na nilikuwa sijui kama nimesinzia au la. Na pale katikati ya kimya yule mrefu aliweza kusema ghafla, "Alikuwa hajui kupiga mluzi," na wanawake wakaitikia "mm," na kimya kikarudi.

Siku ya pili alikuja jirani mmoja ambaye hakuwa amefika bado, mjane, mtu wa dini, tunayemheshimu. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni akisema nami, lakini kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Mwanangu ana simu. Ananionyesha watoto wa upande wa pili wanavyotolewa kwenye vifusi. Watoto wa Kiislamu, wadogo kabisa. Na mimi niambiwe nije nilie hapa? Nimlilie nani?"

Ukweli ni kwamba picha zile nami nilikuwa nimeziona, nimezilia chumbani kwangu, na sikuwa nimemwambia yeyote. Nilifungua mdomo, lakini yule mrefu alitangulia. Alisema polepole, akitafuta kila neno.

"Na mimi nimewaona, mama. Siwezi kulala kwa ajili yao pia."

Mwanamke yule aliutazama ukosi uliochanika. Kisha alivua viatu, akaja akaketi mwisho kabisa wa mkeka, mgongo ukutani, tasbihi mkononi. Hakusema pole, si siku ile wala nyingine. Lakini alirudi kila siku mpaka mwisho, akaketi palepale. Hata leo sijui alikuwa amemlilia nani. Sikumuuliza.

Siku ya Sabato ilipoangukia katikati, yule mrefu aliinuka kwenye mkeka, akavaa gauni safi, akaketi kwenye kiti. Mama alishangaa.

"Msiba umepumzika?"

"Leo tu, bibi. Kesho unaendelea."

"Aliyeweka hivyo alikuwa na akili," mama alisema, akamletea chungwa lililomenywa.

Alasiri ile tulibaki sisi wawili barazani. Mvua za vuli zilikuwa zinanukia lakini hazijafika. Yule mrefu ndiye aliyeanza.

"Ile Jumamosi, mama. Nilikuchukia."

"Najua."

"Nimeifikiri sana. Kaka alikuwa ameshakufa tangu alfajiri. Ningejua asubuhi au jioni, ni sawa kwake." Alikula kipande cha chungwa. "Ile ndiyo siku ya mwisho nimecheka. Sijui kama ulinipa au uliniibia."

"Hata mimi sijui," nilisema. Na ndiyo kweli.

Asubuhi ya mwisho, kwa desturi yao, aliyefiwa huinuliwa na kutoka nje kutembea kidogo, arudi duniani. Mama ndiye aliyempa mkono. Nilicheka na kulia nilipoona kwamba kati yao, mzee ndiye aliyekuwa anamnyanyua kijana. Wakazunguka nyumba, wakapita shambani, wanawake wakiwafuata nyuma taratibu, na sasa kila mtu akaruhusiwa kumsalimia. Wakamsalimia kwa yote ya siku saba. Umeamkaje, habari za asubuhi, habari za safari, habari za kule kwenu. Alijibu kila moja.

Tulirudi Manundu, na wiki mbili baadaye ndege ya kuzunguka kupitia nchi nyingine ilipatikana, yule mrefu akaenda kwa wazazi wake. Tulimsindikiza hadi kwenye basi la Dar. Alinikumbatia akaniambia atamaliza mwaka wake siku moja, na mimi nikasema kitanda chake kipo.

Nilirudi nyumbani nikidhani kazi yangu imekwisha. Nilikuwa nimemsahau yule wa miwani. Namaanisha nilikuwa namwona kila siku, anatafsiri, anachota maji, anabembeleza, anapiga simu za mashirika ya ndege, na kwa sababu alikuwa anasaidia sikumhesabu kati ya wanaohitaji msaada. Siku ya nne baada ya mwenzake kuondoka hakuamka kwenda shuleni. Nilimkuta amelala ametazama ukuta.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

Niliketi kitandani, sikusema kitu. Hilo angalau nilikuwa nimejifunza. Baada ya muda alinipa simu yake. Aliniambia ni marafiki wa chuoni kwao. Mmoja anamwita muuaji kwa kuwa ni Myahudi. Mwingine, Myahudi mwenzake, anamwita msaliti kwa kuwa alisema anawalilia watoto wa pande zote. Mwenzake wa chumba kule chuoni amehama. Anaogopa kurudi. Nyumbani kwake, chuoni kwake, ndiko anakoogopa.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na hukuniambia."

"Yeye alifiwa, mama. Mimi sikufiwa na mtu."

Niliona aibu ambayo bado inanipata ninapoandika haya. Nilimwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nakutumia kama mkono wangu wa kulia, sikukuuliza kama unauma." Alilia siku nzima, na niliomba ruhusa kazini nikakaa naye. Hatukupata suluhisho lolote. Mimi si mtu wa kuweza kutengeneza chuo cha ng'ambo. Kesho yake nilimwambia tu kwamba nitamsindikiza kazini.

Tulikwenda kwa miguu hadi Kwamndolwa, kwenye shule aliyokuwa anafundisha. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, mahindi machanga yamechomoza pande zote za njia, na milima ilikuwa karibu sana, kama iwavyo baada ya mvua. Niliketi dawati la nyuma, magoti yamenigonga kidevuni. Alisimama mbele ya watoto hamsini na kitu, macho yamevimba nyuma ya miwani, chaki mkononi.

Msichana wa mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, jana hukuja. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na huzuni," alisema.

Darasa likafikiri jambo hilo.

"Sasa je?"

"Bado ninayo. Fungueni madaftari."

Kurasa zikafunguliwa zote kwa pamoja, akageuka akaanza kuandika ubaoni.